Urithi wa Reli Zilizong'olewa

Neno urithi tumelizoea mno hata twalitumia pasipo kulipima. Tulitamkapo, mawazo yetu huenda kwenye ngoma na mavazi, kwenye misikiti ya kale ya Kilwa, milango ya Unguja, vinyago vya Wamakonde na hadithi za mabibi zetu. Hayo yote ni urithi, wala hapana awezaye kubisha. Lakini yapo mambo mengine yaliyopita katika nchi hii, yakaacha alama katika ardhi na katika migongo ya watu, nayo hatuyataji kamwe tunapohesabu mali za utamaduni wetu. Mojawapo ni zile njia za reli za mashambani zilizokuwako zamani na sasa hazipo. Katika insha hii nataka tujiulize swali moja. Je, taifa lina wajibu wowote wa kuhifadhi kumbukumbu ya kitu ambacho halikukiomba, kilichojengwa kwa faida ya wengine, kikashindwa, kisha kikang'olewa?

Kabla ya kujibu yafaa tukijue chenyewe. Kila mtoto wa shule ajua habari za Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, na habari za Reli ya Uhuru iliyotuunganisha na ndugu zetu wa Zambia katika miaka ya 1970. Wachache wajua kwamba gari moshi la kwanza katika Afrika Mashariki lilikuwa Unguja. Sayyid Barghash alitandika reli kutoka mjini hadi jumba lake la Chukwani mwaka 1879. Kwanza mabehewa yalikokotwa na nyumbu, na baadaye ikaletwa injini ya mvuke. Alipofariki mwaka 1888 reli hiyo haikudumu. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilifungua nyingine, ya maili saba hivi, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu. Hiyo nayo ilishindwa na magari ya barabarani katika miaka ya 1920. Leo husikika watu wakisema kuwa jina la Bububu latokana na mlio wa gari moshi lile, na wengine husema latokana na mlio wa maji ya chemchemi. Yoyote iwayo kweli, tazama jinsi jambo zima, pamoja na abiria wake na wafanyakazi wake, lilivyopungua hata likabaki kuwa ubishi juu ya jina.

Bara nako zilikuwako. Katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani walijenga reli nyembamba ya kilomita 23 hivi kutoka Tengeni hadi Sigi, ili kuteremsha magogo kutoka misituni. Katika miaka ya 1930 Waingereza walitoa tawi la reli kutoka Manyoni kuelekea Singida, na katika miaka ya 1940 wakaling'oa. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro zilisambaa reli ndogo za vitoroli. Juu yake matita ya majani yalisukumwa au kuvutwa kutoka kondeni hadi kwenye mashine ya korona. Mkonge ulipoanguka katika soko la dunia, reli hizo nazo zilifukiwa na nyasi, au zikauzwa kwa mizani kama chuma chakavu.

Lakini kisa kilicho kikubwa kupita vyote ni cha Reli ya Kusini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Serikali yake ikabuni mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, na sehemu kubwa ya mashamba hayo ilikusudiwa iwe katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Kusini hakukuwa na bandari ya kina wala reli. Wajerumani walikuwa wamefikiria zamani njia ya reli kutoka pwani hiyo hadi Ziwa Nyasa, lakini hawakuijenga. Basi Waingereza wakaanza. Kwanza reli ilianzia Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, ikaelekea Nachingwea. Kisha ikaunganishwa na Mtwara, ambako mji mpya na gati ya kina kirefu vilijengwa kwa ajili hiyo, na gati ikafunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1958 tawi likafika Masasi. Jumla ya njia hiyo ilipita kilomita 200.

Hapo ndipo penye ajabu ya kisa hiki. Gati ya Mtwara ilipofunguliwa, karanga zilizoitiwa gati hiyo zilikuwa zimekwisha kushindwa miaka mitatu kabla. Huko Kongwa, udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua zikawa haba, na mibuyu ikavunja matrekta. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, ikiwa imekwisha kupoteza pauni milioni 36 hivi. Reli ikabaki kama mtu aliyealikwa harusini akafika na kukuta ndoa imevunjika. Ilichukua abiria, ikachukua korosho na mazao mengine ya wakulima, lakini mapato hayakutosha kuilisha. Mwaka 1962, nchi ikiwa na uhuru wa miezi michache tu, ilifungwa, na baadaye reli zake zikang'olewa.

Sasa turejee swali letu. Wako wanaosema kwamba reli hizo hazituhusu. Zilikuwa mali ya mkoloni, zilijengwa ili kunyonya jasho la nchi, na kuzikumbuka ni kumtukuza aliyetutawala. Hoja hii ina uzito, na mtu yeyote aliyeshuhudia heshima ya Mwafrika ikirudishwa baada ya uhuru hawezi kuidharau. Lakini tuipime. Mkoloni alileta michoro, fedha na wasimamizi. Ni nani aliyekata miti? Ni nani aliyeinua tuta kwa jembe na karai, akabeba mataruma begani, akapigilia misumari juani, akapasua mawe kuwa kokoto? Walikuwa vibarua wa nchi hii, na wengine waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Walihesabiwa kwa siku katika kipande, wakasimamiwa na nyapara. Kule kwenye mkonge waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alipoandikishwa jina lake lilimezwa na namba. Kama kitu ni cha yule aliyekitolea fedha peke yake, basi hata piramidi za Misri ni za mafarao na si za watu wa Misri. Mimi nasema kazi humpa mtu haki juu ya kitu, na haki hiyo haifutwi kwa kuwa malipo yalikuwa duni. Bali huzidi.

Tena neno lenyewe la urithi lina funzo ambalo twalisahau. Katika mirathi, marehemu afapo, warithi hawakimbilii kugawana mashamba na nyumba. Kwanza huulizwa, je, marehemu alikuwa na deni? Deni likiisha kulipwa, ndipo kilichobaki hugawanywa. Anayetaka mali na kukataa deni si mrithi wa haki. Nasi katika Kusini tumekwisha kurithi mali. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza, husafirisha korosho za wakulima wetu. Mji wa Mtwara wenyewe ulipata umbo lake kwa sababu hiyo. Nachingwea na Kongwa, mahali palipovunjika tamaa ya karanga, ndipo tulipowapokea wapigania uhuru wa Msumbiji na wa nchi nyingine za kusini mwa Afrika katika miaka ya 1960. Hivi leo hapana asemaye kwamba Kongwa tuisahau kwa sababu kambi ya wapigania uhuru iliwekwa mahali palipoanzishwa na mkoloni. Basi ikiwa mali tumeichukua, deni nalo ni letu. Na deni lenyewe ni kuwakumbuka waliofanya kazi, kwa majina yao na kwa maneno yao, kabla hawajaisha.

Hoja ya pili ni ya wale wasemao kwamba jambo lililoshindwa halistahili kumbukumbu. Taifa, wasema, hujengwa kwa kukumbuka ushindi. Mimi naona kinyume. Ushindi hukumbukwa wenyewe, una wapiga ngoma wake. Kushindwa ndiko kunakohitaji kutunzwa, maana kila mtu hutamani kukuzika. Tazama funzo lililomo katika Reli ya Kusini. Watu walitandika chuma kuelekea zao ambalo halikuwako. Waliamini mashine kuliko mvua. Wenyeji wa Kongwa, Wagogo, waliijua ardhi yao kwa vizazi vingi, na walijua ni miaka mingapi kati ya kumi mvua huwakimbia, lakini mipango ilikuwa imekwisha kukatwa London kabla ya wao kuulizwa. Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Hapa aliyejua maana ndiye ambaye hakuambiwa neno wala kuulizwa.

Funzo hilo si la wakoloni peke yao. Sisi wenyewe, tuliokaa katika ofisi za serikali, twajua jinsi karatasi iwezavyo kuwa na nguvu kuliko shamba. Nimepata kuona mipango mizuri iliyoandikwa kwa hati safi, ikapigwa mihuri yote, ikafika kijijini na kukuta kijiji hakina haja nayo. Leo nchi yetu yajenga reli tena. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kwa miaka mingi umekuwa ukizungumzwa mpango wa reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Twafurahi, na ni haki kufurahi. Lakini je, mtaalamu kijana atakayepima njia ya Kusini ataambiwa na nani kwamba nchi hiyo imewahi kuwa na reli, na kwa nini haipo? Kama hatambui kwamba anatembea juu ya tuta la mababu, tutakuwa tumelipa pauni milioni 36 za wenzetu na jasho la watu wetu bila kununua hata akili.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nami sitaki kuipita upesi. Husemwa hivi. Nchi yetu ni maskini, na kijiji kisicho na zahanati hakihitaji makumbusho. Chuma kilichong'olewa kimepata kazi nyingine, kimekuwa boriti ya nyumba, nguzo ya kivuko, jembe na panga. Je, si bora hivyo kuliko kukifungia kioo? Hapa nakiri kwamba hoja ni ya kweli kwa nusu yake. Katika shule nyingi za vijijini nchini mwetu, kengele ya shule ni kipande cha reli kilichotundikwa mwembeni. Kikigongwa, watoto husimama mistari. Sijapata kuona makumbusho yoyote yanayokifanyia chuma heshima kubwa kuliko hiyo. Nitakuwa mtu wa mwisho kumwambia mwalimu akiteremshe ili kipelekwe mjini.

Lakini waulize watoto wale, kengele yenu imetoka wapi? Aghalabu hawajui, na pengine mwalimu naye hajui. Hapo ndipo palipo na nusu ya pili ya ukweli. Chuma kimehifadhiwa, habari yake imepotea. Kitu hupona kwa kutumiwa, lakini maana hupona kwa kusimuliwa tu. Nami niliposhika kalamu juu ya jambo hili, ulinijia ubeti huu:

Chuma kilikuja pwani, kikapanda Nachingwea,
Kikapita mashambani, karanga kuzingojea,
Leo ki wapi jamani? Nyasi zimeshaenea,
Ni kengele ya shuleni, kisa inatuletea.

Kuhifadhi, basi, si lazima kuwe kujenga jumba la fahari. Wala haimlazimu maskini achague kati ya dawa na kumbukumbu. Mzee akikaa na kusimulia, na kijana akikaa na kuandika, gharama yake ni daftari moja na subira. Umaskini wa mfuko hautulazimishi kuwa maskini wa fahamu.

Yafaa hata hivyo nitoe onyo juu ya namna moja ya kuhifadhi. Katika nchi za wenzetu wako watu waipendao injini ya mvuke kwa ajili ya injini yenyewe. Huihesabia magurudumu, huisugua shaba zake, huisikiliza mlio wake kama muziki. Hakuna ubaya katika mapenzi hayo. Nairobi pana makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, na atakayeyazuru ataziona injini kubwa zilizokuwa fahari ya Afrika Mashariki. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini injini peke yake haisemi ni nani aliyeitilia makaa usiku kucha, wala ni nani aliyeketi katika daraja la tatu na ni nani aliyeketi katika daraja la kwanza. Tukihifadhi chombo tukamwacha mtu, tutakuwa tumeurithi utamu na kuutupa uchungu. Watoto wetu watadhani kwamba zamani ilikuwa safari nzuri ya kutazama nyika dirishani. Kumbukumbu isiyo na kipande wala nyapara ni uongo uliopakwa rangi.

Nina mfano mmoja wa kututia moyo. Ile reli ya Sigi, niliyoitaja hapo mwanzo, haipo tena. Lakini nyumba ya mkuu wa stesheni yake imesimama, nayo imefanywa kituo cha kupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kuuhesabu msitu kwa magogo sasa yatumika kuwafundisha watu kuulinda msitu uleule. Haikuvunjwa kwa hasira, wala haikuachwa kuwa gofu. Imepewa kazi iliyo kinyume na ile iliyojengewa. Nadhani hiyo ndiyo namna ya mtu huru kukitendea kitu alichoachiwa na mtawala. Hakiabudu wala hakiogopi, bali hukitumia huku akijua asili yake.

Basi tufanye nini? Nitataja mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, na lisilongoja, ni kuwaandika wazee. Kijana aliyekuwa na miaka 20 gati ya Mtwara ilipofunguliwa mwaka 1954, sasa amepita 90. Walio hai ni wachache, nao wapungua kila masika. Kila azikwapo mmoja, kinazikwa kitabu ambacho hakikupigwa chapa. Maafisa utamaduni wa wilaya, walimu, na vijana wa vyuo wangeweza kugawana vijiji vya Lindi na Mtwara, na kufanya hivyo pia katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakauliza maswali yaliyo mepesi. Uliandikishwaje? Ulilipwa nini? Mliimba nini mkiinua reli? Nani alikufa, na alizikwa wapi?

La pili ni kuzitambua alama zilizomo ardhini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yaipa serikali uwezo wa kulitangaza jengo au mahali kuwa urithi unaolindwa. Si lazima kila tuta na kila kalvati litangazwe, maana ulinzi wa kila kitu ni ulinzi wa hewa. Lakini mahali pachache pakichaguliwa kwa busara, na ubao mmoja ukiwekwa kwa Kiswahili fasaha, msafiri wa njia ya Mtwara, Masasi na Nachingwea atajua anapita wapi.

La tatu ni lugha. Reli ilitupa maneno na kuyakuza mengine: stesheni, tikiti, behewa, taruma, gadi, kibarua wa genge. Yako mengine yaliyojulikana na wafanyakazi peke yao, majina ya zana na ya kazi, ambayo hayamo katika kamusi zetu. Lugha ni ghala lisilooza wala kuliwa na mchwa, lakini lataka mtu wa kuweka akiba ndani yake. Washairi na wanakamusi wana kazi hapa.

Mtu aweza kuniuliza, ukiisha kufanya yote hayo, umepata nini? Reli haitarudi kwa kuandikwa. Nami namjibu kwamba sitafuti kuirudisha. Natafuta haki. Mtu aliyefanya kazi kubwa, akalipwa kidogo, na kazi yake ikabomolewa mbele ya macho yake, amedhulumiwa mara mbili. Akisahauliwa, atakuwa amedhulumiwa mara ya tatu, na dhuluma hiyo ya tatu haitakuwa ya mkoloni. Itakuwa yetu.

Utamaduni wa taifa si kabati la vitu vizuri tulivyoamua kuvionea fahari. Ni daftari la hesabu, na daftari la kweli lina upande wa mapato na upande wa madeni. Mrithi mwema hulifungua lote, husoma kila ukurasa, hulipa anachoweza kulipa, kisha humkabidhi mwanawe likiwa wazi. Reli zimekwisha kung'olewa. Ukurasa wake bado uko mikononi mwetu, nao wazee wachache wangali hai kutusomea.